Zein l'Abdin: uanzie wapi?

Wadau, leo tuweke msimbo pembeni kidogo. Si mbali sana, maana tutaurudia kabla hatujamaliza, lakini swali la leo ni la muziki. Nimeulizwa na watu watatu tofauti, wote wenye masikio mazuri: huyu Zein l'Abdin ninayemtaja kila nikipata nafasi, mtu asiyemjua aanzie wapi?

Jibu fupi ni hili. Anza na Mtindo wa Mombasa, diski ya Zein Musical Party iliyotolewa na lebo ya GlobeStyle ya London mwaka 1990. Isikilize yote, toka mwanzo hadi mwisho, usiku, bila kuruka wimbo. Usianze na mkusanyiko wa wasanii wengi, usianze na kile ambacho simu inakuletea kwanza, na wala usianze na kanda za harusi hata kama mjomba wako anaapa kwamba taarab yenyewe ndiyo hiyo. Jibu refu ndilo linalofuata, na linahusu kompyuta kuliko mnavyodhani.

Kwa wasiomfahamu: Zein alikuwa mwana wa Lamu, mpiga udi na mwimbaji, ambaye kazi yake kubwa aliifanyia Mombasa. Alifariki mwaka 2016. Sisi wa Minjila tuko katikati ya safari yake. Hapa ni njia panda: basi likitoka Mombasa na Malindi, ama linashika njia ya Hola na Garissa, ama linapita Garsen, linavuka mto Tana na kuelekea Witu hadi Lamu. Kwa hiyo hakuna mtu wa hapa anayeweza kuniambia kwamba muziki wa Lamu ni wa mbali. Unapita mlangoni.

Hao watatu walioniuliza wote ni wapenzi wa country, na hilo halinishangazi hata kidogo. Mkenya na country ni ndugu wa zamani. Jim Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1964, lakini mpaka leo kuna nyumba katika nchi hii ambazo Jumapili haijawa Jumapili mpaka asikike. Kenny Rogers na Don Williams nao wana mashabiki vijijini ambako hata umeme ulichelewa kufika. Wa rika langu wengi hutokea hapo, kisha wakaenda kwenye vikundi vya polepole zaidi, vyenye huzuni nzito zaidi, ambavyo havipigwi kwenye matatu. Mmoja wa hao watatu ananisumbua kila siku na Cowboy Junkies wa Kanada. Namuelewa. Diski yao ya The Trinity Session ilirekodiwa tarehe 27 Novemba 1987 ndani ya kanisa la Holy Trinity mjini Toronto, wanamuziki wakiwa wameizunguka maikrofoni moja tu. Ukiisikiliza unasikia chumba, unasikia umbali kati ya mtu na mtu. Sasa kama hicho ndicho unachokipenda, yaani sauti ya watu wachache ambao hawana haraka, basi masikio ya kumsikiliza Zein tayari unayo. Kilichobaki ni kufungua mlango sahihi.

(Na kabla mtu wa Nairobi hajaniambia kwamba watu wa huku hatujui muziki wa majonzi: wimbo wa taifa unaousimamia kwa heshima umejengwa juu ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, kutoka mto huu huu wa Tana. Tuendelee.)

Kwa nini mlango una umuhimu? Kwa sababu neno "taarab" linabeba vitu vingi mno. Kijana wa leo akilitafuta mtandaoni, nafasi kubwa ni kwamba atakutana kwanza na taarab ya kisasa ya Tanzania, ile ya kinanda cha umeme na mipasho, kina Jahazi Modern Taarab na wenzao. Sina ugomvi nayo, na kwenye harusi nacheza kama watu wengine. Lakini mtu aliyekuja akitafuta udi na huzuni ataondoka baada ya dakika tatu akidhani amekosea njia, na hatarudi tena. Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Msikilizaji wa kwanza hupewa nafasi moja.

Hata ndani ya taarab ya Mombasa peke yake kuna njia kadhaa. Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki mwaka 2014, alikuwa bingwa wa mahadhi ya Kihindi, yale ya nyimbo za sinema, na mashairi ya nguvu juu yake. Maulidi Juma na Zuhura Swaleh walikuwa na mdundo wa kuchezeka, na ile taishokoto inayochonga sauti kama sindano. Wapenzi wa Zuhura wanajua ninachosema. Zein alielekea upande mwingine: udi, mahadhi yenye harufu ya Uarabuni, na midundo ya ngoma za kwao Lamu. Kama tungetumia lugha ya hao wapenzi wa country, ningesema Zein ndiye yule aliyeacha barabara kuu ya wakati wake akashika njia ya zamani, na kwa kufanya hivyo akasikika mpya.

Ndiyo maana nasema Mtindo wa Mombasa kwanza. Ni diski iliyotengenezwa ili isikilizwe na mtu asiyekuwepo. Hilo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kanda ya harusi imetengenezwa kwa ajili ya aliyekuwepo: anajua nani alimtunza nani, anajua kwa nini watu wanapiga vigelegele ubeti wa tatu, anajua fumbo lile lilimlenga jirani yupi. Wewe hujui. Kwako wewe ni kelele za watu wengine wakifurahi. Diski inakuweka peke yako na udi, na udi wa Zein hauna pupa: unaanza kama mtu anayebisha hodi, unatulia, unabisha tena, na sauti inapoingia tayari umeshakuwa mgeni wa nyumba. Ukiwa mtu wa kuruka nyimbo hutapata kitu hapo. Zipe dakika zake.

Ya pili iwe The Swahili Song Book, iliyotolewa na lebo ya Dizim ya Ujerumani. Wengine wanaiweka hii kwanza, na sitapigana nao. Mimi naichelewesha kwa sababu ya maneno. Zein aliimba mashairi ya watu, na miongoni mwa watunzi aliofanya nao kazi ni Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Lamu, yule yule aliyeandika Sambo ya Kiwandeo na anayesifiwa kwa kutupa neno "runinga". (Fikiria kidogo: mtu aliyeipa televisheni jina la Kiswahili ndiye aliyekuwa akimpa mpiga udi maneno ya kuimba. Sisi wa kompyuta tunaohangaika na istilahi tungepaswa kuwa na picha yake ukutani.) Sasa Kiswahili cha Lamu kina njia zake. Nchi huwa nti, moja huwa moya, kuja huwa kuya. Aliyesoma Kiswahili cha shule, awe wa Nakuru au wa Dodoma, atasikia neno analolijua limevaa kanzu nyingine na atalipita bila kulisalimia. Ukishamzoea Zein kwa sauti, mara ya pili unaanza kumsikia kwa maneno, na hapo ndipo huzuni yenyewe inapokaa. Kwenye mashairi haya hakuna mtu anayesema "nimeachwa". Atazungumzia ndege, au chombo kilichokosa nanga, na wewe umalizie.

Baada ya hizo mbili, ruksa kwenda kwenye mikusanyiko. Uliopo mzuri ni Zanzibara namba 2, kutoka Buda Musique ya Ufaransa, unaokusanya taarab ya Mombasa ya miaka ya 1965 hadi 1975. Ni mtamu. Lakini ni kama kuonja vyungu kumi jikoni kwa mwenye harusi: utatoka umeshiba bila kujua ulikula nini. Mkusanyiko ni wa mtu anayejua tayari anamtafuta nani.

Sasa tufike kwenye kompyuta.

Jaribu kumtafuta Zein mtandaoni. Utaandika jina gani? Zein l'Abdin? Zein Labdin? Zeinul Abidin? Zainal Abidin? Hiyo ya mwisho inaweza kukupeleka moja kwa moja kwa mwanamuziki maarufu wa Malaysia mwenye jina hilo, mtu mzuri tu, lakini hajawahi kuimba Kiamu. Kwa binadamu haya ni majina ya mtu mmoja yaliyoandikwa na makarani tofauti. Kwa kompyuta ni watu wanne. Spotify ilifungua milango Kenya Februari 2021 na tukashangilia kwamba sasa muziki wote wa dunia uko mfukoni. Wote? Mfuko huo unajua tu kile kilichoandikwa vizuri.

Na tatizo halikuanza na Spotify. Mwaka 1996 mtu alipobuni ile ID3, yaani maelezo yanayobandikwa mwishoni mwa faili la MP3, alipewa nafasi ya baiti 128 tu. Humo kuna herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maoni, na baiti moja ya aina ya muziki. Moja! Aina zimepangwa kwa namba kuanzia sifuri: Blues ni 0, Country ni 2, Polka ni 75. Taarab haimo. Ukitaka kuwa mkweli unachagua 12, maana yake "Nyingine", au 48, ile ya muziki wa makabila. Jim Reeves ana namba yake. Zein ni "Nyingine".

Lakini hilo la namba ni dogo, ningeweza kulicheka. Linaloniuma ni safu ya msanii. Msanii wa wimbo wa taarab ni nani? Mtunzi wa shairi, aliyetia mahadhi, anayeimba, au kikundi kilichopiga? Huku kwetu hawa wanaweza kuwa watu wanne, na msikilizaji mzee ataanza kukuuliza kuhusu wa kwanza: shairi la nani hili? Jedwali lina sanduku moja, basi tunaandika jina la mwimbaji, na mshairi anakufa mara ya pili. ID3 ya toleo la 2, ya mwaka 1998, iliweka sehemu ya mwandishi wa maneno na sehemu ya mtunzi wa muziki. Zipo! Zimekuwepo miaka yote hii. Fungua faili lolote la taarab ulilonalo kwenye simu uone kama kuna aliyezijaza. Mimi nimefungua mamia, na mengi yameandikwa "Track 01", msanii "Unknown".

Kwa hiyo ninapokwambia uanze na diski mbili zilizotolewa London na Ujerumani, elewa pia kwa nini. Si kwa sababu hizo ndizo kazi zake bora zote. Ni kwa sababu hizo zina karatasi ndani: nani kaimba, nani kapiga, maneno yanasema nini. Kazi kubwa ya maisha yake iko kwenye kanda. Wapwani hawakununua albamu, walinunua kanda, na Mombasa kulikuwa na maduka yaliyorekodi na kuziuza, Mbwana Radio Service likiwa ndilo linalotajwa zaidi. Kanda moja ilizaa nyingine, nakala ikazaa nakala, na kila kizazi kikipoteza kidogo cha sauti nyembamba mpaka udi ukasikika kama unapigwa ndani ya mtungi.

Kanda hizo ziko wapi leo? Ziko kwenye makasha juu ya kabati, Garsen, Ngao, Witu, Kipini, Faza. Joto letu mnalijua. Unyevu wa delta mnaujua. Utepe unashikana, ukungu unaingia, na ile redio ya kuchezea iliuzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Kwa hiyo msikilizaji aliyemaliza diski zangu mbili na akaona kiu haijaisha, hatua ya tatu si kununua kitu. Ni kuuliza nyumbani kwao.

Ukipata kanda, haya ni ya fundi kwa fundi. Tafuta deki yenye kichwa safi, kipanguse kwa spiriti. Unganisha kwenye kompyuta kwa waya, usiweke simu mbele ya spika, tafadhali. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Rekodi kwa WAV, herzi 44,100 na biti 16 kwa uchache. Hiyo ni takriban megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo kanda ya saa moja ni kama megabaiti 600. Ukiibana kwa FLAC inapungua karibu nusu bila kupoteza hata tone. MP3 ni ya kumtumia binamu kwa WhatsApp, si ya kuhifadhi. Na usiguse kile kitufe cha kuondoa kelele! Nimesikia faili ambazo mtu "alizisafisha" mpaka pumzi ya mwimbaji ikaondoka pamoja na mchakacho wa utepe. Hifadhi chafu kwanza. Ukitaka kusafisha, safisha nakala.

Jambo moja zaidi, hili nalipenda kuliko yote. Deki za zamani hazikwendi kwa kasi moja, na kanda ikicheza haraka kidogo, sauti ya Zein inapanda na wewe hutajua, kwa sababu hukuwepo. Utajuaje kasi sahihi? Umeme wetu ni wa herzi 50. Kama kanda ilirekodiwa mahali penye kipaza sauti cha umeme wa Kenya Power, mara nyingi kuna mlio mzito wa chini kabisa ulioingia bila kualikwa. Fungua grafu ya masafa ya sauti uutafute. Ukiukuta kwenye 52 badala ya 50, kanda yako inakwenda haraka kwa asilimia 4. Punguza, na mtu anarudi kwenye sauti yake. Uchafu wa umeme umekuwa shahidi. (Hakikisha nakala yenyewe haikupitia kwenye deki nyingine mbovu, maana hapo kila deki imetia mlio wake na utaona miwili.)

Halafu kaa na mwenye kanda, uandike. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna programu itakayokufanyia. Shairi la nani, nani kaimba, harusi ya wapi, mwaka gani au angalau kabla au baada ya mvua za El Niño za 1997. Andika majina kama anavyoyatamka yeye, kisha ongeza tahajia nyingine pembeni ili mashine zikipita ziyapate. Anayekumbuka anaweza kuwa mama yako mdogo na si mwenye kasha.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu haki. Swali zuri. Kuhifadhi si kuchapisha. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 inailinda kazi ya mtunzi kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na rekodi nayo ina miaka 50 yake. Zein na wenzake wana familia, washairi pia. Weka faili zako nyumbani, weka nakala ya pili kwa ndugu anayekaa mji mwingine, na kabla ya kutupia chochote hadharani tafuta wenyewe. Sikubaliani na wale wanaopakia kila kitu YouTube wakiweka jina lao kubwa juu ya picha ya machweo, kisha wakaita hilo kuokoa utamaduni. Lakini pia sikubaliani na wanaoogopa sheria mpaka wanaacha utepe uoze kabatini. Nakala ya kuhifadhi haimnyang'anyi mtu riziki.

Basi, kwa mpangilio: Mtindo wa Mombasa usiku mmoja, The Swahili Song Book wiki inayofuata ukiwa na mtu wa Lamu karibu wa kukufasiria, Zanzibara 2 kwa kuonja majirani, kisha kasha la nyumbani. Juma Bhalo nimemuacha kwa makusudi. Yule ana kanda nyingi mno na mashabiki wakali mno, na umeme wa hapa Minjila umeshapotea mara mbili tangu nianze kuandika.